Macho ya Kuazima: Kununua Gari Mnadani Japani Ukiwa Buyenzi

Siku ya pili baada ya gari langu la kwanza kuwasili kutoka Japani, nilinyanyua zulia la mbele upande wa abiria. Sikuwa na shaka yoyote. Yalikuwa mazoea ya kazi tu. Mimi ni fundi magari hapa Buyenzi, Bujumbura, na kila gari linaloingia gereji yetu hunyanyuliwa zulia kwanza, maneno baadaye. Mwaka ulikuwa 2016. Gari lilikuwa Toyota Probox nyeupe, imeoshwa na kung'arishwa mpaka tairi zinameremeta. Chini ya zulia, pale sakafu inapopanda kukutana na ukuta wa injini, niliona mshono wa kuchomelea.

Mshono wa kiwandani ni vidoti vya duara vilivyopangana kwa umbali sawa, kama vifungo vya kanzu. Ule ulikuwa mstari mnene wa mkono wa mtu, umepindapinda, juu yake umepakwa rangi nyeusi kwa brashi. Nikafungua boneti, nikatoa taa ya kushoto, nikamulika tochi ya simu kwenye mkono wa chasisi unaobeba bampa. Ulikuwa na makunyanzi, kama karatasi iliyofinyangwa kisha ikanyooshwa. Gari lile lilikuwa limegongwa vibaya, likavutwa, likachomelewa, likapigwa rangi, likavuka bahari.

Fedha hazikuwa zangu peke yangu. Tulikuwa ndugu watatu, tumezichanga kwa upatu wa miaka minne ili tupate gari la kupeleka abiria Gitega. Nilikaa juu ya ndoo ya oili muda mrefu, sijui nitaanzia wapi kuwaambia wenzangu.

Aliyetununulia alikuwa komisioneri, yaani dalali wa magari, wa hapa mjini. Hakunidanganya kwa neno hata moja. Nilimuuliza kama gari ni zima, akanijibu kwamba injini yake ni safi, na injini ilikuwa safi kweli. Alichokuwa nacho asinionyeshe ni karatasi moja. Miezi kadhaa baadaye nilimpa wakala mwingine namba ya chasisi, akaitafuta kwenye kumbukumbu za minada, akanitumia karatasi hiyo kwa Wasapu. Kona ya juu, mahali pa daraja la gari, palikuwa na herufi moja: R. Kwa watu wa mnada, herufi hiyo maana yake ni gari lililovunjika mifupa likatengenezwa. Kila nilichokigundua chini ya zulia, mkaguzi wa Japani alikuwa amekwisha kukiandika kabla gari halijapanda meli.

Tangu hapo ninalo jambo moja ambalo nimewaeleza wateja wengi kwa mdomo, na sasa naliandika. Anayenunua gari mnadani Japani kwa kupitia mtu, ananunua kwa macho ya kuazima. Macho hayo yanaweza kuwa mazuri sana. Lakini yaliyoonwa yameandikwa, na maandishi hayo ni haki yako uyasome kabla hujatoa hata senti moja.

Gari la kazi la Japani, gari la kazi la Burundi

Simama asubuhi kwenye barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Bugarama uhesabu Probox. Zinapanda mlima na abiria, zinashuka na kabichi, nyanya na magunia ya viazi, buti limefungwa kwa kamba kwa sababu mzigo umezidi. Huku mjini huzikuta kando ya zile Toyota tunazoziita Ti, kila moja na deni lake na familia inayoitegemea.

Probox ilianza kuuzwa Japani Julai 2002, na tangu mwanzo ilikuwa gari la kazi. Huendeshwa na mafundi umeme, wauza vifaa, watu wa kampuni wanaozunguka kwa wateja kutwa nzima. Ndiyo maana buti lake ni bapa na kiti cha nyuma ni kigumu. Upana wake ni milimita 1,695, kwa sababu sheria ya Japani ina kundi la magari madogo ambalo mpaka wake ni milimita 1,700. Sisi tunalipenda kwa sababu linapita vichochoroni. Wao walilitengeneza hivyo kwa sababu ya mpaka huo.

Kwa nini Mjapani aliache gari ambalo bado linatembea? Jibu kubwa ni ukaguzi wa serikali unaoitwa shaken. Gari la kawaida la abiria hukaguliwa mara ya kwanza likifikisha miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Probox iliyosajiliwa kuwa gari la mizigo hukaguliwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, halafu kila mwaka. Kila ukaguzi unakuja na gharama zake: kodi, bima ya lazima, vipuri vya kubadilisha. Inafika siku ambapo mwenye gari anaona heri aliuze kuliko kulilipia tena. Siku hiyo gari huenda mnadani, na mnadani ndiko safari ya kuja kwetu inakoanzia.

Kuna jambo moja ambalo sisi Warundi tunalibeba kimya kimya. Japani huendesha kushoto, sawa na Tanzania, Kenya na Uganda. Sisi tunaendesha kulia, lakini usukani wa magari haya uko kulia vilevile. Dereva wa Probox anayetaka kulipita lori katika mlima wa Bugarama hawezi kuona mbele mpaka atoe gari zima nje, na mara nyingi abiria aliyekaa kushoto ndiye anayemwambia, "Pita, hakuna kitu." Hata hapo, macho ni ya kuazima.

Mnada usioingiwa na mtu wa nje

Wengi hudhani mnada wa Japani ni kama soko: una fedha, unaingia, unanyanyua mkono. Sivyo. Nyumba za minada ya magari kule, kama USS, TAA na JU, hupokea wanachama tu, yaani wafanyabiashara wenye leseni ya kuuza vitu vilivyotumika, leseni inayoombwa polisi. Mtu wa Buyenzi hawezi kuwa mwanachama. Hata Mjapani wa kawaida mwenye gari lake moja hawezi. Hapo ndipo anapohitajika wakala: mwanachama anayekuwekea dau kwa niaba yako, anayelipa, anayelitoa gari mnadani na kulipeleka bandarini.

Tusiwachanganye mawakala wa aina hii na kampuni zinazouza magari yaliyo tayari kwenye tovuti zao, kama BE FORWARD na SBT Japan, ambazo majina yake yanajulikana Afrika Mashariki yote. Kule unaona picha, unaona bei, unachagua. Mengi ya magari hayo nayo yamepita mnadani. Kampuni imekwisha kuyanunua na kuongeza faida yake. Kwa wakala wa mnada, gari bado ni la mwenyewe. Wewe unasema, "Nataka hili, usizidishe kiasi hiki," naye anakwenda kushindana.

Ushindani wenyewe ni wa kasi. Mnada wa USS Tokyo hufanyika kila Alhamisi katika mji wa Noda, mkoa wa Chiba, na kwa siku moja unaweza kupitisha magari zaidi ya 10,000. Hayapiti moja moja mbele ya mnadishaji anayepaza sauti. Wanunuzi wamekaa kwenye viti, kila mmoja ana kitufe, mbele yao skrini kubwa zinaonyesha magari kadhaa kwa wakati mmoja. Wengine wanabonyeza wakiwa ofisini kwao kwa mtandao. Gari moja huuzwa kwa nusu dakika au pungufu. Nafasi ya wakala kukupigia simu kukuuliza kama aongeze kidogo haipo. Japani iko mbele yetu kwa saa saba: mnada ukianza saa nne asubuhi kule, hapa ni saa tisa usiku.

Kwa hiyo uamuzi wote unafanyika jana yake. Wakala hukutumia karatasi za magari yanayokufaa. Unazisoma, unachagua, unampa kiwango cha juu ambacho hutaki kukivuka. Bei ikivuka, umelikosa, na kukosa si hasara. Kwa gari langu la pili, mwaka 2019, nilikosa mara mbili. Mara ya kwanza niliumia. Mara ya pili nilishukuru, kwa sababu usiku ule nilikuwa nimeisoma karatasi tena nikaona jambo ambalo jioni lilinipita.

Karatasi yenyewe

Karatasi ya mnada ni ukurasa mmoja, mara nyingi umeandikwa kwa mkono, kwa haraka, na mtu aliyelizunguka gari akiwa ameinama. Anayeandika ni mkaguzi wa nyumba ya mnada. Hamtumikii muuzaji wala wakala wako. Sifa ya mnada inategemea maneno yake, na hiyo ndiyo thamani ya karatasi. Ninayo hapa ile ya gari langu la pili, imekunjika kona. Ngoja niisome pamoja nawe.

Juu kushoto kuna mwaka: H20. Hapa wameumizwa wengi. Mama mmoja muuza vitenge wa soko la Ruvumera aliniletea karatasi kama hii akiwa na furaha.

"Fundi, nimepata gari la 2020."

"Mama, nani amekwambia ni la 2020?"

"Si imeandikwa hapa? H ishirini."

Ilibidi nimweleze taratibu. Japani huhesabu miaka kwa enzi ya mfalme. H ni enzi ya Heisei, iliyoanza Januari 1989 na kuisha Aprili 2019. Ukiona H, ongeza 1988. H20 ni 2008. Ukiona R mahali hapo pa mwaka, ni enzi ya Reiwa, ongeza 2018. Gari la mama yule lilikuwa na umri wa miaka 13, naye alikuwa ameahidi kulilipia kama jipya. Bahati nzuri alikuwa hajatuma fedha.

Pembeni ya mwaka kuna namba ya aina: NCP51. Usiipite. Kwenye Probox za kizazi cha kwanza, NCP50 ni injini ya cc 1,300, NCP51 ni ya cc 1,500, na NCP55 ni ya cc 1,500 inayovuta kwa magurudumu yote manne. Wateja wetu wanaopanda milima ya ndani ya nchi huitaka sana NCP55. Mimi huwauliza swali moja: nani huko Japani alihitaji Probox ya kuvuta kwa magurudumu manne? Aghalabu ni mtu wa mikoa ya theluji, Hokkaido na kaskazini. Huko barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hula gari kutoka chini. Sikatazi kuinunua. Nasema tu kwamba kwa NCP55 lazima utafute neno *sabi* kwenye maandishi ya mkaguzi. Sabi ni kutu. Likiongozana na *shitamawari*, ni kutu ya uvunguni. Mwombe wakala picha za chini ya gari, naye asipoweza kuzipata, liache lipite.

Halafu kuna kilomita, aina ya giaboksi, na toleo. Langu ni DX, lile la madirisha ya kuzungusha kwa mkono, na kilomita 148,000. Watu huogopa kilomita nyingi. Mimi naogopa zaidi kilomita chache zenye alama pembeni yake, kwa sababu nyota au alama nyingine kando ya tarakimu hizo huwa inasema kwamba mkaguzi haziamini. Ukiiona, uliza.

Juu kulia ni daraja. Gari karibu jipya hupewa S au 6. 5 na 4.5 ni safi sana. 4 ni zuri. 3.5 limetumika, lina mikwaruzo na mabonde ya kawaida. 3 linahitaji kazi ya bodi. 2 na 1 ni la mashaka makubwa. Kando yake kuna herufi ya hali ya ndani, kuanzia A mpaka kushuka. Langu lilikuwa 3.5 na C. Kwa gari la kubeba watu na kabichi, 3.5 iliyo wazi inatosha kabisa. Sioni sababu ya kulipia 4.5 ambayo baada ya miezi miwili ya barabara zetu itakuwa 3.5.

Kisha kuna R au RA, ambayo si daraja la uzuri wala ubaya wa sura. Inasema kwamba sehemu ya mifupa ya gari iliguswa: mikono ya chasisi, nguzo za milango, paa, sakafu, ukuta wa ndani wa mbele. Mlango ukibadilishwa, fenda ikibadilishwa, gari halipewi R, maana hiyo ni ngozi tu. Kijapani historia hii huitwa *shufuku reki*. Gari la R linaweza kuwa limetengenezwa vizuri likadumu. Lakini lina bei yake, ya chini, na anayelinunua anapaswa kujua kwamba amenunua R. Sisi tulilipa bei ya gari zima.

Chini ya karatasi ndipo ninapopapenda. Kuna mchoro wa gari, kama samaki aliyepasuliwa akalazwa bapa, na mkaguzi ameujaza herufi. A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni mawimbi yanayobaki baada ya kunyoosha bati na kupiga rangi, S ni kutu ya juujuu, C ni kutu iliyokwisha kula bati, X ni sehemu inayohitaji kubadilishwa, XX ni iliyobadilishwa tayari. Namba inayofuata herufi ni ukubwa: A1 ni mkwaruzo mdogo, A3 utauona ukiwa upande wa pili wa barabara. Karatasi yangu ilikuwa na A2 kwenye mlango wa mbele kulia, U2 kwenye mlango wa nyuma, W1 kwenye fenda ya kushoto, na kwa maneno: sabi kidogo uvunguni, na kiti cha dereva kimetobolewa na sigara.

Gari lilipofika Buyenzi sikuanza na zulia. Nilichukua karatasi na kalamu nikalizunguka kama mwalimu anayesahihisha daftari. A2 mlangoni: ipo. U2 nyuma: ipo, imeingia kiasi cha kiganja. W1: niliipapasa kwa vidole kabla macho hayajaiona. Mwisho nilifungua mlango wa dereva, nikainama kwenye kiti. Pale, kwenye ukingo wa kushoto, palikuwa na tundu dogo kama punje ya mtama, kingo zake zimekauka zikawa nyeusi. Sijui dereva yule alikuwa nani, wala alikuwa akisubiri nini alipoivuta sigara ile. Ninachojua ni kwamba mkaguzi wa mnada kule Noda aliiona punje ile ya mtama akaiandika, ikavuka bahari kwenye karatasi, nami nikaikuta mahali pake. Nilinyanyua zulia baadaye kwa kutimiza desturi. Vidoti vya kiwandani vilikuwa vimejipanga, kama vifungo vya kanzu, kimoja baada ya kingine.

Fedha: andika zote kwanza

Bei ya mnadani ni mwanzo tu. Andika kwenye daftari, moja chini ya nyingine: dau lililoshinda, ada ya nyumba ya mnada, ujira wa wakala, usafiri wa gari kutoka mnadani hadi bandarini, hati za kufuta usajili wa Japani. Jumla hiyo, gari likiwa limepakiwa melini, ndiyo huitwa FOB. Ongeza nauli ya meli na bima upate CIF, yaani gari likiwa limefika bandari ya Dar es Salaam. Nauli huhesabiwa kwa mita za ujazo. Probox ya kawaida ina urefu wa mita 4.195, upana 1.695 na kimo karibu mita 1.51, zidisha, utapata karibu mita 10.7 za ujazo. Ukijua bei ya mita moja, hakuna wa kukutungia nauli.

Baada ya hapo: gharama za bandari, wakala wa forodha wa Dar, dereva, mafuta, bima ya njiani, na ushuru wa hapa nyumbani kwa OBR, mamlaka yetu ya mapato. Thamani ya gari kwa hesabu ya ushuru si lazima iwe ile ya ankara yako. Ofisa anaweza kuikadiria upya, naye anahesabu pamoja na nauli. Juu yake kuna VAT ya asilimia 18. Nenda OBR ukaulize kabla ya kuweka dau, ukiwa na mwaka na aina ya gari mkononi. Nimeona magari yaliyonunuliwa kwa bei ya kufurahisha yakakaa yakipigwa jua kwa sababu mwenyewe alisahau nusu hii ya daftari.

Malipo ya Japani huenda kwa uhamisho wa benki, na hapa kila Mrundi anajua ugumu wake. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, na dola imekuwa kitu cha kutafutwa kwa tochi. Wengi wetu tunalipiwa na ndugu walio nje. Ukifanya hivyo, hakikisha mambo matatu. Jina la mwenye akaunti liwe jina lilelile la kampuni iliyo kwenye ankara, lisiwe la mtu binafsi. Ankara ibebe jina lako na namba ya chasisi. Na ukipokea ujumbe kwamba "akaunti yetu imebadilika," usitume kitu mpaka umepiga simu kwa namba uliyokuwa nayo zamani. Amana unayowekewa sharti kabla ya dau ni jambo la kawaida kwa mawakala. Kulipa gari zima kabla halijashinda mnadani si jambo la kawaida.

Kama kasoro kubwa haikuandikwa kwenye karatasi, mnada hupokea malalamiko, lakini kwa siku chache tu na kwa mwanachama pekee. Kwa hiyo gari likitoka mnadani, mwambie wakala alikague na akutumie picha zake mapema, lingali Japani. Likishafika mpakani Kobero umechelewa.

Safari ya gari na majina ya njiani

Gari hupanda meli kwa kuendeshwa, hutelemka kwa kuendeshwa. Mara nyingi safari hadi Dar huchukua wiki nne hadi sita, kutegemea bandari meli inazopitia. Hati zako tatu za kutunza kama mboni ya jicho ni hati ya shehena ya meli, cheti cha kufutwa usajili Japani, na ankara. Linganisha namba ya chasisi kwenye zote tatu, herufi kwa herufi.

Kutoka Dar gari huwa "IT", jina ambalo Watanzania wameyapa magari yanayopita kwenda nchi jirani. Dereva wa IT hulileta Morogoro, Dodoma, Singida, Kahama, mpaka Kabanga na Kobero, kisha Muyinga, Ngozi, Kayanza, Bugarama, na mteremko wa kuingia Bujumbura. Ni zaidi ya kilomita 1,500. Madereva waaminifu ni wengi, na kazi yao ni ngumu. Lakini barabara ni ndefu, na betri, redio, jeki na tairi la akiba vina miguu. Piga picha za kila kitu bandarini, pamoja na tarakimu za kilomita, zitume kwa dereva mwenyewe ili ajue kwamba unajua. Macho ya kuazima huona vizuri zaidi yanapojua kwamba yanatazamwa.

Kwa vipuri vidogo kuna njia nyingine. Yahoo! JAPAN ina mnada wa mtandaoni tangu 1999, ambapo taa, vioo vya pembeni na dashibodi za magari yetu huuzwa na watu wa kawaida. Wauzaji wengi hawatumi nje ya nchi, na kufungua akaunti kunadai namba ya simu ya Japani. Mawakala kama Buyee na ZenMarket hununua kwa niaba yako, hupokea kifurushi ghalani kwao, kisha hukituma. Sheria ni ileile: soma maelezo yote ya muuzaji, tazama kila picha, na uliza kabla ya dau kama kifurushi cha uzito huo kinaweza kuletwa Burundi na kwa gharama gani. Bampa la bei rahisi linaweza kuwa na nauli mara tano ya bei yake.

Karatasi niliyoichora mwenyewe

Narudi kwenye gari la kwanza. Tuliliendesha miaka mitatu. Nililiimarisha nilivyoweza, halikutuangusha njiani, lakini tairi za mbele zilikuwa zinaliwa upande mmoja kila baada ya miezi michache, kwa sababu mfupa uliopinda haunyooki kamwe ukawa kama ulivyozaliwa. Tulipoamua kuliuza, ndugu yangu mdogo alisema, "Kaka, lioshe, liweke zulia jipya. Sisi nasi tuliuziwa hivyo."

Aliyekuja kulitazama alikuwa kijana wa Kayanza, amefuatana na mjomba wake, fedha wamezishona ndani ya koti. Nilimtazama kijana yule nikajiona nikiwa juu ya ndoo ya oili. Nikamwomba anisubiri. Nilichukua karatasi ya daftari la mtoto wangu, nikachora gari bapa kama samaki aliyepasuliwa. Nikaweka A mahali pa A na U mahali pa U. Kwenye fenda ya kushoto niliandika XX. Kwenye mkono wa chasisi nilichora mstari nikaandika kwa Kiswahili: umepinda, umenyooshwa, tairi zitaliwa. Juu kulia, mahali pa daraja, niliandika R.

Mjomba wake aliishika karatasi ile kwa mikono miwili. Walinyanyua zulia wenyewe. Halafu walipunguza bei, wakapunguza tena, nasi tukakubali, na ndugu yangu hakunisemesha mpaka jioni.

Kijana yule bado huleta gari gerejini kwetu. Karatasi ameiwekea plastiki, iko kwenye kisanduku cha dashibodi pamoja na kadi ya gari. Na sisi hapa Buyenzi, gari lolote linalouzwa kupitia mikono yetu hatulitoi bila karatasi kama ile. Ndugu yangu mdogo ndiye anayezichora siku hizi. Mkono wake ni mzuri kuliko wangu, na herufi ya R huiandika kubwa.